Foliki asidi ya kliniki ya kwanza huwa imechelewa

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kuanza kuzungumzia lishe ya ujauzito kwenye hudhurio la kwanza la kliniki. Kidonge cha foliki asidi (vitamini B9) cha wiki ya 12 kina faida zake, ila mgongo wazi, yaani kasoro ya mrija huo kutofunga, hakiuzuii tena.

Na si mgongo tu. Yai likisharutubishwa, alama nyingi za methili (vikundi vidogo vya kemikali) zilizobandikwa kwenye DNA ya baba na mama hufutwa, kisha hubandikwa upya wakati kiinitete kinajipandikiza. Herufi za jeni hubaki zilezile. Kinachopangwa ni jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Methili zenyewe hutokana na virutubisho vya chakula: folati (vitamini B9 ya kwenye chakula, ambayo foliki asidi ni umbo lake la kidonge), kolini, betaini na methionini. Vitamini B12 ikipungua, folati hunaswa katika umbo ambalo seli haziwezi kulitumia, hata ikijaa kwenye damu. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa asitegemee foliki peke yake.

Ushahidi wa binadamu ninaouheshimu zaidi unatoka Uholanzi. Waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944–45, walipopimwa damu miaka 60 baadaye, walikuwa na methili pungufu kwenye IGF2, jeni ya ukuaji, kuliko ndugu zao wa jinsia ileile ambao hawakupitia njaa hiyo tumboni. Waliokutana na njaa hiyo mwishoni mwa ujauzito hawakuonyesha pengo hilo. Hata hivyo tofauti yenyewe ni ndogo, na damu ni mchanganyiko wa seli, kila aina na alama zake. Mchanganyiko ukibadilika, kipimo nacho hubadilika. Anayekuuzia kipimo cha kutabiri maisha ya mtoto kwa alama hizi, usimpe pesa yako.

Kwa hiyo: mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia angalau mwezi 1 kabla ya kutafuta mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji miligramu 4 au 5, kwa maagizo ya daktari. Asizifikie kwa kumeza vidonge vingi vya vitamini mchanganyiko, maana atajizidishia vitamini A, nayo ikizidi hudhuru kijusi. Kolini ni miligramu 450 kwa siku. Yai 1 kubwa lina kama 150, ilhali vidonge vingi vya wajawazito vina kidogo mno au havina kabisa.

Upande wa mazingira, arseniki, sumu inayoweza kuwa kwenye maji ya ardhini, inanitia hofu kuliko inavyotajwa. Mwili huitoa kwa kuibandika methili, yaani inachota kwenye akiba ileile ya methili anayoihitaji mtoto. Kuchemsha maji hakuiondoi; maji yakipungua, yaliyobaki huwa na arseniki nzito zaidi. Pima chanzo, na ikionekana, badilisha maji ya kunywa na ya kupikia.

Sigara nayo huacha alama kwenye AHRR, jeni inayohusika na mwili kukabili kemikali za moshi, ya mtoto wa mama mvutaji, na huonekana tayari kwenye damu ya kitovu. Lakini mzigo huu msimtwishe mama peke yake. Moshi wa baba huingia kwenye mapafu ya mama, na mbegu za kiume huchukua takribani miezi 2 na nusu kutengenezwa. Baba naye aache miezi 3 kabla, asisubiri kipimo cha mimba.