Kamanda Ameniuma, kwa Mujibu wa Fomu

Asubuhi ya leo nimepokea barua inayonijulisha kwamba nimeumwa na mbwa wangu mwenyewe. Imeandikwa kwa heshima zote, ina mhuri na namba ya kumbukumbu, na inaniagiza kwamba kuanzia sasa Kamanda asionekane nje ya lango bila kufungwa mdomo, "kwa kuzingatia tukio la kumuuma mmiliki." Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama na mara ya nne nikiwa nimeketi, huku mtuhumiwa amelaza kidevu juu ya kiatu changu akikoroma.

Wenye mbwa wenzangu hamhitaji kuelezwa tulivyofika hapa. Mbwa mmoja mahali fulani humjeruhi mtu, habari zikaenea, na wakubwa wakaona ni lazima lifanyike jambo kabla ya mwisho wa wiki. Jambo lenyewe huwa ni orodha ya aina za mbwa wanaohesabiwa kuwa hatari. Orodha humfaa sana mtu mwenye haraka, kwa sababu ina namba na picha, na haimlazimu kwenda kwa mtu yeyote kumuuliza mbwa wake amechanjwa lini, anafunguliwa saa ngapi, na kwa nini lango la nyumba yake halijawahi kufungika tangu lilipowekwa.

Mkaguzi alifika Jumamosi moja saa nne asubuhi, akiwa na jalada, kalamu mbili, mwavuli, na futi ile inayojirudisha yenyewe kwa kishindo. Nilimkaribisha kama ipasavyo, nikamwekea kiti karibu na meza ya uani, kisha nikamwita Kamanda. Kamanda alikuja mbio, akamwona mgeni, akautazama ule mwavuli ulioegemezwa kwenye kiti, akapinda kona na kuingia chini ya meza. Ieleweke kwamba mbwa huyu ana kilo 40 na sauti ya kutikisa madirisha, lakini tangu utotoni mwavuli ukitokea yeye ushujaa humwisha palepale. Sikuwahi kumzoesha, na hilo kosa nalibeba mwenyewe. Mtoto wa mbwa hujifunza dunia ni kitu gani kati ya wiki ya 3 na wiki kama ya 14 hivi, na alichokutana nacho kwa amani katika siku hizo hakimtii hofu ukubwani. Mimi nilimwonesha watu, baiskeli, pikipiki, watoto na kuku. Mwavuli nilisahau, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kiangazi.

"Ni wa aina gani?" mkaguzi aliuliza, akiinama kuchungulia.

"Ni mbwa," nikajibu.

"Nauliza aina yake, mzee wangu."

"Mama yake ni mbwa koko, ndugu mkaguzi. Baba yake hakuacha anwani."

Hakucheka. Alifungua jalada akatoa karatasi yenye picha 12 za mbwa wenye nyuso za kudai deni, akaanza kulinganisha. Kichwa, alisema, kinaelekea kwenye picha ya 3. Kifua kinafanana na cha picha ya 7. Masikio yalimsumbua, kwa sababu moja la Kamanda husimama na la pili hulala, na karatasi yake haikuwa na mbwa aliyeshindwa kuamua. Nilimweleza kwa upole kwamba hata watu wanaoshinda na mbwa kutwa nzima wamewahi kupimwa, makisio yao yakalinganishwa na vinasaba, wakakosea mara nyingi. Alinijibu kwamba vinasaba havimo kwenye fomu.

Ndipo akaamua kupima. Kwa kuwa Kamanda alikataa kata kata kutoka, ilinibidi mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, niingize kichwa na mabega chini ya meza ili nishike ncha ya futi kwenye pua ya mbwa, na mkaguzi aivute hadi kisogoni kwa kupitia upande wa pili. Sehemu ya mwili wangu iliyobaki nje, ambayo si ndogo, haikuwa na ulinzi wowote. Tulikuwa tumefikia sentimita ya 20 hivi nilipozisikia kengele ndogo za ukosi, kisha sauti ya jirani yangu kutoka barabarani, tulivu kabisa, ikisema maneno mawili ninayoyaogopa kuliko yote katika lugha yetu: "Haumi huyo!"

Naomba nisimame hapa kidogo. Sijawahi kuyasikia maneno hayo yakisemwa na mtu aliyemshika mbwa wake. Aliyemshika mbwa hana haja ya kuyasema, maana kamba inamsemea. Husemwa kwa mbali, na mtu ambaye mkononi ana simu, wakati mbwa wake tayari ameshapima umbali baina yake na shavu la mguu wako. Ukirudi nyuma, unaambiwa unamtisha. Ukipiga kelele, mbwa anahisi woga wako. Ukiumwa, unaambiwa kwa mshangao mkubwa kwamba hajawahi kumuuma mtu, kana kwamba umekabidhiwa tuzo.

Mwenye kengele alikuwa Pamba, kijibwa cheupe chenye manyoya mengi, ambacho mtu akikiona kwa mara ya kwanza hutaka kukipangusia vumbi kwenye rafu. Pamba alipita kwenye lango ambalo mkaguzi hakulifunga, akatazama mandhari, akachagua, akaniuma mguu wa kushoto. Nilijiinua ghafla, nikagonga kichwa kwenye meza. Mkaguzi alipanda juu ya kiti akaufungua mwavuli ili ajikinge, na Kamanda alipouona mwavuli umefunguka aliondoka pale pamoja na meza. Nilibaki nimelala uani nikiwa na ncha ya futi mkononi, futi yenyewe ikizidi kurefuka, na meza yangu ikielekea jikoni kwa miguu minane.

Hali ilipotulia, mkaguzi alishuka kitini akajaza fomu. Kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama mtu yeyote ameumwa wakati wa ukaguzi, na yeye ni mtu mkweli, kwa hiyo aliandika "Ndiyo."

"Lakini si Kamanda aliyeniuma!" nikasema.

"Fomu haiulizi nani, mzee wangu. Fomu hii ni ya Kamanda."

"Basi mwandikie na Pamba ya kwake."

"Pamba hayumo kwenye orodha," akasema kwa masikitiko ya kweli. "Sina fomu yake."

Jeraha la mbwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na yeyote anayeona dakika hizo ni chache hajawahi kuzisimama kwa mguu mmoja kwenye bomba huku mwenye mbwa akimweleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Nilimuuliza, "Dada, kadi yake ya chanjo iko wapi?" Akasema ipo. Nikamuuliza ipo wapi. Akasema ndani. Alipoingia kuitafuta nilisikia makabati yakifunguliwa na droo zikivutwa, na jirani akarudi na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa mwisho. Nilikuwa nimefika dakika ya 9, na hapo heshima yangu yote ilinitoka. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, kupona ni jambo lisilotokea ila kwa nadra ya kupindukia. Watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, karibu wote wameupata kwa mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali unaweza kuukata mnyororo wa maambukizi. Sindano ya mbwa ni moja, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Mimi nilichomwa siku ile, nikarudi siku ya 3, nikarudi siku ya 7, kila mara nikiulizwa kwa huruma, "Ni lile jibwa lako kubwa?" Karatasi ya picha 12 imeshapima upana wa kichwa cha mbwa wangu, na hadi leo hakuna mtu rasmi aliyeiomba kadi ya Pamba.

Kwa kuwa kadi haikuonekana, Pamba alitakiwa kuchunguzwa kwa siku 10, maana mbwa aliyeuma akibaki mzima katika muda huo basi hakuwa na virusi mateni mwake siku aliyouma. Sijapata kujali afya ya kiumbe kama nilivyoijali ya Pamba. Kila alfajiri nilisimama ukutani nikiuliza: Amekula? Amekunywa maji? Sauti yake ni ileile? Kaka yangu wa damu alilazwa mwaka jana na sikumuulizia hivyo. Siku ya 6 jirani aliniambia Pamba ameamka mnyonge, nikakaa kitako palepale ukutani hadi alipobainisha kwamba alikuwa amekula soksi.

Usiku wa sindano usingizi haupatikani, kwa hiyo nilisoma kuhusu orodha za wenzetu. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1991 na kuwataja mbwa wa namna nne, pit bull terrier akiwa wa kwanza, na atakayeingizwa humo huamuliwa kwa maumbile anayoonekana nayo, wazazi wake wawe wanajulikana wasijulikane, yaani ni ile futi ya mkaguzi wangu. Zaidi ya miaka 30 baadaye ilibidi waongeze mbwa wa aina iitwayo XL Bully, na tangu tarehe 1 Februari 2024 kummiliki huko Uingereza na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai. Uholanzi nayo ilikuwa na katazo lake kwa takriban miaka 15, na mwaka 2008 serikali ikatangaza kuliondoa kwa sababu halikupunguza idadi ya wanaoumwa. Italia iliitupa orodha yake mwaka 2009 ikawageukia wenye mbwa. Jiji la Calgary huko Kanada halina orodha ya aina: kila mbwa anasajiliwa, na akifanya vurugu, faini inamfuata aliyemsajili. Niliposoma hilo nilimtazama Kamanda, naye akanitazama kwa namna ya kuniuliza kwa nini hatukuzaliwa huko.

Sisemi kwamba ukubwa wa mbwa si kitu. Angekuwa Kamanda aliyeniuma, nisingekuwa nasimulia haya kwa utani, na ndiyo sababu lango langu hufungwa, kamba yangu ni fupi, na kijana wangu haruhusiwi kumtoa peke yake. Lakini mimi ndiye niliyepaswa kukaguliwa siku ile: nimemchanja, nimemhasi, nimemfunza kuitika akiitwa? Samaki mkunje angali mbichi, na mkunjaji ana jina, ana anwani, na hakimbilii chini ya meza.

Wakaguliwe pia wengine ninaokutana nao kila siku. Yupo yule anayemfungulia mbwa wake alfajiri akatembee peke yake kwa kuwa "anajua njia." Yupo aliyemfunga wa kwake kwa mnyororo wa mita moja tangu alipokuwa mdogo, na sasa anajisifu kwamba ni mkali. Yupo aliyemnunulia mtoto zawadi ya kijibwa, mtoto akachoka siku ya nne. Na yupo bwana mmoja mwenye adabu nyingi ambaye mbwa wake anapojisaidia mbele ya lango langu, yeye hutazama mawingu kama mtu anayetarajia mvua.

Lakini barua ni barua, nami ni raia mtiifu. Imenipa siku 7 za kutafuta kifunga mdomo, na nimejifunza kwamba si kila kifunga mdomo kinafaa. Kinachotakiwa ni kile chenye umbo la kikapu, kinachomwachia mbwa nafasi ya kutanua taya na kutoa ulimi, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema, na ukimbana mdomo kwenye jua unaweza kumuua huku ukitii sheria. Ili kikapu kimkae vizuri, muuzaji anataka urefu wa pua, mzunguko wa mdomo chini kidogo ya macho, na kimo kutoka kidevu hadi juu ya pua akiwa ametanua taya kidogo. Vipimo vyote hivyo hupatikana kwa futi.

Nimeazima futi kwa jirani. Amenikabidhi kwa moyo mkunjufu, akanipa pole kwa barua, akaniusia nimfundishe mbwa wangu adabu mapema, huku Pamba akinusa ule mguu wa kulia ambao bado hajaufahamu. Kamanda aliposikia futi ikijirudisha kwa kishindo chake aliondoka sebuleni bila kuaga. Kumbe tangu Jumamosi ile hofu zake zimekuwa mbili. Nayaandika haya nikiwa chini ya meza, ncha ya futi mkononi, na yeye ameshatokea upande wa pili.