Wakili alikueleza kabla hujakiri?

Mwandishi wa makala ninayoijibu ameeleza vizuri jinsi Wakenya walioko Marekani wanavyokiri makosa madogo ili kesi iishe haraka, kisha wanajikuta wakisubiri kufurushwa. Ila ameruka jambo kubwa. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya jimbo la Kentucky, Mahakama ya Juu kule iliamua kwamba wakili lazima amtahadharishe mshtakiwa asiye raia ikiwa kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Huyo Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa dereva wa lori na aliwahi kuwa mwanajeshi wa Marekani wakati wa Vita vya Vietnam! Mwenye ndugu mwenye kesi huko amuulize mapema kama wakili wake amemweleza hilo. Ajue pia kwamba mbele ya jaji wa uhamiaji serikali haikulipii wakili, unajitafutia mwenyewe.

Na sisi tusicheke. Ibara ya 50 ya Katiba yetu inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo. Nimeketi katika korti moja hapa Nairobi nikamwona kijana mgeni, ameshtakiwa kuishi nchini bila kibali, akijibu "ndiyo" kwa kila swali, huku karani akimtafsiria nusunusu na kupanga mafaili.