Stabilaiza nyembamba ya nyuma haikuwekwa kwa ubahili

Mwenye gari dogo akianza tu kuulizia namna ya kuliboresha, huambiwa funga stabilaiza nene nyuma, yaani ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili mwili wa gari usilale kwenye kona. Gari litaacha kulala kwenye kona, pua itafuata usukani, na hutagusa springi wala shokapu. Ushauri huu si wa kupuuzwa, na wengi wanaoutoa wameujaribu kwa mikono yao. Ninachokikataa ni dhana iliyo nyuma yake: kwamba kiwanda kiliweka chuma chembamba kwa kubana matumizi, na kwamba anayekibadilisha anamalizia kazi ambayo wahandisi waliiacha nusu.

Niwape haki yao kwanza. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele hubebesha matairi ya mbele injini, giaboksi na mara nyingi asilimia 60 hivi ya uzito wote. Matairi hayohayo ndiyo yanayovuta, yanayopinda na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukiingia kona kwa kasi, hayo ndiyo huelemewa mapema na gari husukuma pua nje, yaani hupinda kidogo kuliko usukani ulivyokatwa. Stabilaiza nene ya nyuma hupunguza tatizo hilo kweli. Kwa kuwa mwili wa gari haulali sana, tairi la mbele la nje nalo hukaa wima zaidi na kukanyaga lami kwa upana wake. Isitoshe, haikuharibii safari kama springi ngumu: magurudumu yote mawili ya nyuma yakipanda tuta kwa pamoja, chuma huzunguka ndani ya bushi zake, zile mpira zinazokishikilia kwenye gari, bila kupinga. Gurudumu moja likitumbukia shimoni ndipo chuma hujisokota na kupeleka mshtuko upande wa pili. Kwa dereva wa mashindano, kwenye lami kavu, hoja yao inasimama.

Tatizo ni neno wanalolitumia: mshiko. Husema stabilaiza inaongeza mshiko, na sivyo inavyofanya kazi. Gari likiwa kwenye kona, kiasi cha uzito kinachohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje huamuliwa na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito huo, upana kati ya magurudumu na jinsi kona ilivyokatwa kwa nguvu. Stabilaiza karibu haihusiki. Inachoamua ni kama uzito huo uhamie zaidi kwenye ekseli ya mbele au ya nyuma. Na tairi lina tabia yake: ukilizidishia mzigo mara mbili, mshiko unaongezeka, ila haufiki mara mbili. Ndiyo maana matairi mawili yaliyogawana mzigo sawa hushika kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na jingine linaning'inia. Ukikaza nyuma, unalielemea tairi la nje la nyuma ili matairi ya mbele yapate nafuu. Pua imepona kwa kuudhoofisha mkia.

Unaudhoofisha kwa kiasi gani? Swali hili halipewi uzito unaostahili, kwa sababu milimita zinadanganya. Mtu husikia chuma cha kiwandani ni milimita 16 na kipya ni 19, akaona tofauti ya unene wa kucha chache. Lakini ugumu wa chuma kinachosokotwa hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Kumi na sita ukiifanyia hivyo inakuwa 65,536. Kumi na tisa inakuwa 130,321. Milimita tatu tu, na chuma kimekuwa kigumu karibu mara mbili. Chukua cha milimita 22, ambacho mkononi bado kinaonekana cha kawaida, umefika mara tatu na nusu. Ni kweli springi nazo hupinga gari kulala, kwa hiyo ugumu wa ekseli nzima hauongezeki kwa kiwango hicho. Hata hivyo nimesoma watu wakishauriana “chukua kikubwa kuliko vyote” kana kwamba wanachagua saizi ya shati. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokifanya chuma chenye tundu ndani kuwa chaguo zuri: bomba la kipenyo cha milimita 24 lenye ukuta wa milimita 4 hupoteza takriban asilimia 20 tu ya ugumu wa chuma kizima cha unene huo, na hupunguza uzito kwa zaidi ya asilimia 40.

Wahandisi waliojifunza jambo hili kwa gharama kubwa wapo. Chevrolet Corvair, gari dogo la Marekani lenye injini nyuma, liliuzwa kuanzia mwaka wa modeli wa 1960 bila stabilaiza ya mbele kama kifaa cha kawaida. Mkia wake mzito ulilalamikiwa sana. Kwa modeli za 1964 stabilaiza ya mbele ikawekwa kwenye kila gari, maana kukaza mbele kunaupa mkia nafuu. Oktoba 1997 Mercedes-Benz A-Class lilipinduka nchini Uswidi katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla. Kampuni ilisimamisha mauzo, ikarekebisha mfumo wa springi na shokapu, na kufunga mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka kwenye kila gari la aina hiyo. Kiwanda hakilipangii gari mwendo wa dereva hodari mchana wa jua. Kinamfikiria mzazi mwenye watoto nyuma, mvua inanyesha, anayekutana na kona kali kuliko alivyodhani na kuachia mafuta ghafla. Akiachia, uzito hukimbilia mbele na nyuma hubaki nyepesi. Gari la kiwandani hapo litasukuma pua kidogo, naye ataongeza usukani na kupunguza mwendo, jambo ambalo mwili wa binadamu hulifanya bila kufundishwa. Gari lililokazwa nyuma kupita kiasi litazungusha mkia, na dawa yake, kurudisha usukani upande mkia unakoelekea bila kukanyaga breki kwa hofu, wengi hawaijui hata kidogo.

Kwa hiyo ninaegemea kiwandani, ingawa sisemi gari lisiguswe. Magari mengi yanayolaumiwa kwa kulala yana shokapu zilizochoka, bushi zilizopasuka na linki za stabilaiza (vijiti vinavyoiunganisha na magurudumu) zinazogonga, na matairi ya bei ya chini yaliyokauka. Rudisha hivyo katika hali yake, weka matairi bora, pima upya mlalo wa magurudumu (alaimenti). Mara nyingi hamu ya chuma kinene huisha hapo. Kukata springi ili gari lishuke sikutetei kabisa. Kwenye magari mengi madogo, kushusha sana huipa kona nguvu zaidi ya kulilaza gari, na springi fupi humwacha dereva akigonga mpira wa kikomo, ule unaozuia springi isibonyee zaidi, katikati ya kona, pale mshiko unapoweza kukatika ghafla.

Anayebaki bado anaitaka stabilaiza ya nyuma achague iliyo nene kwa hatua moja tu kuliko ya kiwandani, yenye matundu kadhaa ya kufungia linki. Tundu lililo kwenye ncha kabisa ya mkono wa stabilaiza ndilo laini kuliko yote. Aanze nalo, aendeshe wiki kadhaa, ikiwamo siku ya mvua na siku amejaza abiria na mizigo nyuma, ndipo afikirie tundu la pili.