Karani Aliyelazimishwa Kucheza Mpira

Mwaka 2023 nilikwenda Kariakoo na shilingi laki tatu mfukoni, nikiwa nimedhamiria kurudi nyumbani na kompyuta ya mezani itakayoweza kuendesha mchezo wa mpira ambao vijana wa mtaani kwetu walikuwa wakiusifia. Muuzaji alinionyesha mashine nyeusi, nyembamba, mtumba kutoka Ulaya, ambayo ubavuni bado ilikuwa na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi ilikotoka. "Bosi, hii ni Core i5, haijui kuchoka," aliniambia, akitaja aina ya prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, na kwa kweli hakunidanganya, maana mashine ile ilikuwa imefanya kazi ya ukarani kwa takriban miaka kumi bila manung'uniko. Mimi nilichokipenda ni wembamba wake. Niliibana kwapani kama faili, nikapanda daladala, nikajiona nimewazidi akili wote wanaonunua makasha makubwa kama makabati ya nguo.

Usiku ule karani alionyesha wazi kwamba mpira haukuwa fani yake. Wachezaji walikwenda hatua moja, wakasimama kutafakari, kisha wakaenda nyingine. Refa alipopuliza filimbi, sauti ilitangulia na picha ikafuata baadaye. Niliongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kutoka GB 4 hadi GB 8, ikakubali mara moja, nami nalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo pekee lililokwenda sawa.

Kijana mmoja mzoefu wa michezo hiyo alinieleza kwamba pawa saplai ya mashine yangu, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani yake, ilikuwa ya wati 240 tu na haikuwa na waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo, kwa hiyo nitafute kadi inayojilisha umeme wote kutoka kwenye tundu inamochomekwa, yaani isiyozidi wati 75. Nilimtii, nikapata GTX 1050 Ti ya GB 4, nayo mtumba, kwa bei iliyokaribia ya kompyuta yenyewe. Aliniambia pia kwamba kasha jembamba huhitaji kadi ya nusu kimo. Hilo nalo nililisikia vizuri, ila kadi za nusu kimo zilikuwa ghali zaidi kwa elfu sitini, na sikuona kwa nini nilipe zaidi ili nipewe kadi ndogo.

Nilipofika nyumbani nilifungua mfuniko, nikaing'oa kadi ule ubati wake wa nyuma, nikaichomeka. Iliingia barabara, isipokuwa ilibaki imechungulia nje kwa upana wa vidole viwili na ushee, kama abiria wa mlangoni kwenye daladala ya jioni. Mfuniko haukuwezekana tena kufungwa. Mtu mwenye busara angeirudisha kadi. Mimi niliuchukua mfuniko nikaenda nao kwa fundi wa mageti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bati la nini hili, la friji?"

"La kompyuta, mzee. Naomba ulikate hapa, halafu unijengee kama kibanda kwa juu."

Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuona mengi, akaligeuzageuza lile bati, kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye kompyuta, sikuwa nimejiuliza. "Sasa mwanangu, hewa itapitia wapi?" Nilinyamaza. "Basi tutaweka maua," akasema, nami nikacheka nikidhani anatania.

Jioni nilikabidhiwa mfuniko wenye nundu ya bati nene, na juu ya nundu hiyo kulikuwa na nondo nyembamba zilizokunjwa maua, yale yale yanayopamba madirisha ya nusu ya nyumba za mtaa wetu, yakiwa yamepakwa rangi ya fedha ambayo ilikuwa bado haijakauka. Uzito wake ulizidi wa kompyuta yenyewe.

Nilipoiwasha, karani alikuwa na taarifa: mfuniko umeondolewa, bonyeza F1 ili kuendelea. Ndani ya kasha kulikuwa na kiswichi kidogo ambacho maofisi hukitegemea kugundua wezi wa vipuri, na bati la mzee halikukifikia. Mpangilio wa kukizima ulikuwa umefungwa kwa nywila, na mwenye nywila alikuwa Ulaya, pengine amekwisha kustaafu. Kwa hiyo kila siku nilipoketi kucheza, kwanza niliarifiwa kwamba ofisi imevunjwa.

Lakini mpira ulichezeka, tena kwa ulaini ambao sikuutarajia. Mke wangu alivumilia siku tatu. "Hivi baba, dirisha la mahabusu katikati ya sebule yangu, wageni wakiniuliza niseme nini?" Siku ya nne nilikuta nundu imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye pindo la buluu, pacha wa vile vilivyokuwa juu ya televisheni na kwenye mikono ya makochi, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Nikaona pamependeza, nikaendelea na shughuli zangu.

Jumamosi yule kijana mzoefu alikuja, tukawekeana soda. Dakika ya 86, tukiwa sare, nilipata penalti. Feni ndani ya kasha ilikuwa ikinguruma kwa muda mrefu, nami nilikuwa nimeichukulia kuwa ni kelele za mashabiki. Nilirudi nyuma hatua tatu kupiga, na skrini ikawa nyeusi. Sebule nzima ilinuka pasi. Nilipokigusa kitambaa kilikuwa cha moto kama kilichotoka kunyooshwa wakati ule ule.

Tuliiacha ipoe, tukaiwasha tena. Karani akatuarifu kwamba mfuniko umeondolewa.

Soda niliinunua mimi. Kitambaa nilikikunja nikakiweka kabatini, na Jumapili nilipoamka nikakikuta kimerudi mahali pake, kimefuliwa na kutiwa wanga.