Karatasi, mtandao na mwanachuo anayejifunza kutafiti

Katika kozi za mbinu za utafiti na stadi za mawasiliano vyuoni kwetu kuna swali ambalo hurudi mara kwa mara: mwanafunzi alinganishe habari za mtandaoni na habari za gazeti la karatasi, kisha aeleze kipi ni chanzo bora. Majibu mengi hufanana. Mtandao, huandikwa, una kasi na hufika mbali, lakini umejaa uzushi; gazeti huaminika kwa sababu lina mhariri, lakini huchelewa na lazima linunuliwe. Hakuna sentensi ya uongo hapo, na anayeziandika hupata alama zake. Shida huonekana mwaka wa tatu, anapotakiwa kuandika ripoti ya utafiti wake mwenyewe, kwa sababu sentensi hizo zimemzoesha kupanga vyanzo kwa chombo kilichobeba habari, bila kuuliza habari yenyewe ilitoka kwa nani, ilitoka lini, na ilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia.

Kwa maoni yangu, karatasi na mtandao havishindani katika kazi moja. Gazeti la karatasi ni ushahidi imara wa kile kilichosemwa siku fulani. Mtandao, kwa anayejua kuutumia, ni mahali pazuri zaidi pa kupimia kama kilichosemwa kilikuwa kweli. Anayechanganya kazi hizo mbili ataamini asichopaswa kuamini, au atatupa ushahidi ambao baadaye hataupata tena. Ili hoja hii isibaki hewani, tulitazame tukio moja ambalo wanafunzi wengi wa leo wanalikumbuka.

Hayati Rais John Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Usiku wa tarehe 17 Machi aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alilitangazia taifa kwa televisheni kwamba Rais amefariki dunia. Katika siku 18 zilizopita kati ya tarehe hizo, Watanzania waliishi na habari za aina mbili zilizokinzana. Mitandaoni kulienea maneno kwamba Rais ni mgonjwa: wengine walisema amelazwa Nairobi, wengine wakasema amehamishiwa India, na wengi wakautaja ugonjwa wa korona. Tarehe 10 Machi gazeti la Daily Nation la Kenya liliandika kuhusu kiongozi wa Afrika, bila kumtaja jina, anayetibiwa katika hospitali moja ya Nairobi. Siku mbili baadaye, Ijumaa ya tarehe 12 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaambia waumini mjini Njombe kwamba Rais yuko salama na anaendelea na kazi zake, na vyombo vya habari vya nchini vikayabeba maneno hayo. Siku hizohizo polisi waliwakamata watu kadhaa kwa madai ya kueneza uvumi kuhusu afya ya Rais. Tangazo la tarehe 17 ndilo lililoeleza kwamba Rais alilazwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6 Machi, akaruhusiwa siku iliyofuata, akalazwa tena tarehe 14 katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, na kwamba maradhi yaliyomwondoa yalikuwa ya moyo.

Sasa chukua kile kipimo cha darasani na ukipitishe juu ya siku hizo 18. Aliyeshikilia kwamba gazeti lina mhariri na kwa hiyo linaaminika angeamka Jumamosi ya tarehe 13 akiwa na nukuu sahihi kabisa ya Waziri Mkuu, lakini asiwe na habari kwamba wiki moja kabla Rais alikuwa amelazwa. Aliyeshikilia kwamba mtandao ndio unaosema yanayofichwa angejua kwamba kuna ugonjwa, lakini angekuwa na hospitali, mji na maradhi ambavyo vyote havikulingana na tangazo rasmi. Nayo habari ya Daily Nation ilisomwa kwenye karatasi na ikasomwa kwenye simu, kwa maneno yaleyale na vyanzo vilevile visivyotajwa majina. Je, mwanafunzi ataiweka upande upi wa jedwali lake? Jedwali lenyewe ndilo lenye kasoro. Alichopaswa kuuliza ni nani alikuwa na nafasi ya kujua, nani alikuwa na sababu ya kunyamaza, na nani alikuwa akirudia tu aliyoyasikia.

Hata hivyo, tukio hilohilo linaonyesha kwa nini karatasi haistahili kudharauliwa. Gazeti lililotoka tarehe 13 Machi 2021 bado lipo maktabani, na yeyote anayelifungua leo ataona kichwa cha habari kiliwekwa kwa herufi za ukubwa gani, kilikuwa ukurasa wa kwanza au wa tano, na kilipakana na habari gani nyingine. Hakuna awezaye kuingia usiku na kubadilisha neno. Kwa upande wa mtandao, ujumbe wa siku zile, ule ambao mtafiti wa mawasiliano ya umma angeuhitaji kuliko kitu kingine chochote, si rahisi kuupata ukiwa kamili. Watu waliokuwa na hofu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 walikuwa na kila sababu ya kufuta walichoandika. Kilichobaki aghalabu ni picha za skrini zilizozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zikiwa hazina tarehe na mwandishi wake hajulikani. Mwanafunzi akitumia picha kama hiyo katika ripoti yake, msimamizi ana haki ya kuikataa, hata kama maneno yaliyomo yaliandikwa kweli.

Kuna jambo jingine ambalo ukurasa wa karatasi hufundisha, nalo ni vigumu kulipata kwa kutafuta kwa maneno kwenye simu. Mwanafunzi anayesoma kuhusu Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, akiketi na majalada ya magazeti ya mwezi ule, atakuwa na Uhuru na The Nationalist, yaliyokuwa ya TANU, na pembeni yake The Standard, lililokuwa mali ya kampuni binafsi ya kigeni hadi serikali ilipolitaifisha mwaka 1970. Miaka miwili baadaye The Standard na The Nationalist yaliunganishwa na kuzaa Daily News. Akizisoma kurasa hizo kwa kuzilinganisha siku kwa siku, ataanza kuona jinsi umiliki unavyoamua habari ipi ipewe nafasi ya juu na ipi isukumwe chini karibu na matangazo ya baiskeli na sabuni. Hakuna mhadhara unaofundisha jambo hilo haraka kiasi hicho. Injini ya utafutaji humletea makala moja iliyong'olewa katika ukurasa wake, na hapo majirani wa habari, ambao nao ni ushahidi, wamekwisha kupotea.

Wanaoutetea mtandao wana hoja nzito, na sioni haya kukiri kwamba baadhi yake sina la kuzijibu. Mwanafunzi wa chuo kilichoko mkoa wa mbali na Dar es Salaam hapati gazeti asubuhi kama mwenzake wa mjini, na chuo chake huenda hakina jalada hata moja la miaka ya nyuma. Hata penye majalada, kuna matoleo yasiyokuwapo na kurasa zilizokatwa kwa wembe na msomaji aliyetangulia. Mwanafunzi huyo akiwa na bando la kawaida anaweza kusoma hotuba ya bajeti nzima kwenye tovuti ya wizara, akalinganisha na gazeti lilivyoifupisha, na kugundua kilichoachwa. Uwezo wa kuufikia waraka wenyewe, bila kusubiri mwandishi auchambue, ni faida ambayo kizazi cha wasomi wa miaka ya 1970 hakikuwa nayo. Kwa maoni yangu inazidi faida zote nyingine za mtandao, ikiwamo hiyo kasi inayosifiwa kila siku.

Tena si kweli kwamba karatasi ni salama daima. Mwezi Septemba 2017 MwanaHalisi lilifungiwa kwa miezi 24, na Februari 2019 The Citizen likafungiwa kwa siku saba. Anayetafiti siku hizo kwenye majalada atakuta pengo. Lakini mtandaoni nako mapengo yapo, na yanatokana na leseni nyingine kabisa. Aprili 2020, mwanzoni mwa janga la korona, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliisimamisha kwa miezi sita leseni ya mtandaoni ya Mwananchi na kuitoza faini ya shilingi milioni tano, kwa sababu ya picha ya Rais akinunua samaki akiwa amezungukwa na watu, ambayo mamlaka ilisema ni ya kupotosha. Gazeti lenyewe liliendelea kuchapwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayechunguza jinsi Mwananchi lilivyoandika kuhusu korona katikati ya mwaka 2020, akitegemea mtandao peke yake, anaweza kuhitimisha kwamba gazeti hilo lilinyamaza, na hitimisho hilo lingekuwa kosa kubwa. Nchi yetu inayasimamia magazeti kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na maudhui ya mtandaoni kwa kanuni zake zenyewe. Mtafiti asiyejua hilo hawezi hata kuueleza ukimya anaokutana nao.

Linabaki suala la jinsi ya kupima ukweli, na hapa ndipo mafunzo yetu yanapopungukiwa zaidi. Wanafunzi hupewa orodha ya maswali ya kuuliza wakiwa mbele ya tovuti: ina jina la mwandishi, ina tarehe, imeandikwa kwa lugha nzuri, ina mwonekano wa kitaalamu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa kazi ya kupima tovuti wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza wa chuo hicho. Wanahistoria wengi na wanafunzi walikaa kwenye ukurasa uleule, wakiusoma kutoka juu hadi chini, wakavutwa na nembo nzuri na majina yenye hadhi. Wahakiki waliondoka mapema, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu wenye tovuti ile, ndipo wakarudi. Walimaliza kazi kwa muda mfupi zaidi na majibu yao yalikuwa sahihi zaidi. Jambo la kutafakari ni kwamba wanahistoria, watu waliotumia maisha yao kuhoji nyaraka, hawakuokolewa na elimu yao, kwa sababu ustadi wa kusoma waraka uliotulia mezani si uleule wa kusoma ukurasa uliotengenezwa ili uonekane wa kuaminika.

Mfano wa hapa nyumbani ni kurasa za mbele za magazeti. Kila asubuhi picha zake husambazwa kwenye simu, na wapo wanafunzi wanaosema wamesoma gazeti ilhali wameona vichwa vya habari tu. Wenye nia mbaya wanaijua tabia hiyo, na katika nyakati za uchaguzi, Kenya na kwetu pia, hutengeneza ukurasa wa mbele wa bandia wenye nembo na rangi za gazeti linaloheshimika. Kuukodolea macho ukurasa huo hakusaidii kitu, maana aliyeutengeneza amehakikisha unafanana. Kinachosaidia ni kwenda kwenye akaunti rasmi ya gazeti, au kwenye meza ya muuza magazeti, kulitazama toleo la siku hiyo kwa macho. Hapa mtandao na karatasi vinahakikiana, na mwanafunzi aliyewahi kushika gazeti zima ana nafasi kubwa zaidi ya kutilia shaka ukurasa usio wake.

Ningekuwa na mamlaka juu ya swali lile la darasani, ningelibadilisha. Mwanafunzi achague tukio moja na wiki moja. Alisome katika magazeti mawili ya karatasi yenye wamiliki tofauti, kisha afuate habari hiyohiyo mtandaoni hadi kwenye chanzo cha kwanza anachoweza kukifikia: hotuba, hukumu, taarifa ya wizara, au mtu aliyeshuhudia. Katika marejeo aandike wazi kama alisoma karatasi, nakala ya kidijitali ya karatasi, au tovuti, kwa sababu matoleo hayo matatu yanaweza kutofautiana. Na kwa kila ukurasa wa tovuti aandike tarehe aliyousoma na ahifadhi nakala yake kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, kabla haujabadilishwa. Alama zitolewe kwa jinsi alivyoifuata njia ya habari, pamoja na mahali alipokwama na sababu ya kukwama.

Kazi hiyo inahitaji majalada, na hilo haliko mikononi mwa mwanafunzi. Bajeti ya maktaba ikibanwa, ununuzi wa magazeti hupunguzwa kirahisi kwa hoja kwamba siku hizi yako mtandaoni. Toleo ambalo halikununuliwa na kujalidiwa mwaka huu halitapatikana kwa urahisi miaka ishirini ijayo, na kama mifano ya 2020 na 2021 inavyoonyesha, hakuna uhakika kwamba mtandao utakuwa umelihifadhi. Wakuu wa vyuo wanaopitisha bajeti hizo wangefanya vyema kuwauliza wakutubi wao, kabla ya kukata fungu hilo, ni majalada ya miaka ipi yaliyo kamili na ni ya miaka ipi yasiyokuwapo.