Fimbo Mlangoni

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alitunguruma kwa saa nzima na ushei kanisani kwetu Maweni, na katika yote aliyosema limenikwama moja kama mwiba wa samaki kooni: eti kusali kwa saa ni dini, si imani. Aliyeokoka kweli moyo wake uko kwa Bwana saa 24, hahitaji kengele wala ratiba. Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ikaingia dirishani. Mhubiri akamwashiria kijana wa spika aongeze sauti. Kanisa zima likaitikia amina.

Nami niliitikia, sitadanganya. Mkono wangu ulikuwa mfukoni unapapasa simu, maana ilikuwa imetetemeka, nikataka kujua kama yule bwana wa simenti ameshatuma pesa.

Saa 24! Mimi dakika nne sijaziweza.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi. Asubuhi nasali, ndiyo, mswaki mkononi. "Baba yetu uliye mbinguni", na kabla sijafika kwenye mkate wa kila siku nimeshafika kwenye mabati ambayo dereva aliapa yangefika jana. Nikifungua duka ndiyo basi, mpaka usiku, nikijitupa kitandani na kumwambia Mungu ahsante, tutaongea kesho.

Sasa jirani yangu. Ni mzee wa Kiislamu, duka lake la nafaka limetazamana na langu. Juzi alikuwa ananipimia dengu, adhana ikalia. Mshale wa mizani ulikuwa bado unacheza. Akaweka kata chini, akaniambia, "Subiri kidogo baba, narudi," akalaza fimbo ya ufagio mlangoni, akaenda zake. Nimesimama nje na noti mkononi, dengu zangu nikiziona pale kwenye sinia. Nilikasirika. Nilikasirika kweli, mpaka nikajiuliza: tangu nifungue duka, ni lini nimemwacha mteja asubiri kwa sababu ya Yesu? Hata mteja wa misumari ya robo kilo sijawahi.

Ndiyo maana mahubiri yale yalinichoma. Imani isiyo na saa, kwa mtu wa kawaida mwenye deni na watoto, haiwi imani ya saa 24. Inakuwa imani ya saa hakuna. Moyo hauendi wenyewe mahali usipozoea kupelekwa. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu, na alijua vizuri nani anamchungulia. Matendo sura ya 3 inaanza na Petro na Yohana wakipanda hekaluni, saa ya kusali, saa tisa. Hao nao walikuwa na dini bila imani? Marehemu bibi yangu, Mkatoliki, kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ikilia saa sita alikuwa anaacha mwiko ndani ya sufuria. Sisi tuliookoka tulipotoka huko tulitupa kengele pamoja na ubani, halafu tunashangaa kwa nini siku inapita bila kumkumbuka Mungu hata mara moja.

Haya, nakubali, shingo upande, kwamba saa peke yake haitoshi. Mwaka 1542 padri mmisionari Mkatoliki, Francisco Xavier, alipita hapa Malindi akielekea Goa, India. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji alimjia na kumuuliza kama Wakristo kwao wanajaa makanisani, maana hapa ibada ilikuwa imepoa: misikiti 17, inayoendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Adhana ilikuwepo, watu hawakuwepo. Naipenda sana barua hiyo. Mzee wa watu amekuja na uchungu wake, padri akamjibu kwa kiburi kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Ningekuwepo ningemkaribisha mzee kahawa, maana uchungu wake ndio wangu.

Na wale wanaosema dawa ni kuacha kila kitu ili tumtazame Yesu tu: tafadhali, si kwetu. Msitu wa Shakahola si mbali na hapa. Wafuasi wa mhubiri mmoja huko waliambiwa hivyohivyo, wakaacha kazi, wakatoa watoto shule, mwisho wakaacha chakula. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa. Mimi mtu akiniambia nifunge duka moja kwa moja kwa ajili ya Bwana, namwonyesha mlango.

Kulifunga dakika tano, lakini? Tangu Jumatano naazima adhana ya jirani. Ikilia adhuhuri nalaza fimbo yangu mlangoni, narudi nyuma kwenye mifuko ya simenti, nasoma zaburi moja. Siku ya kwanza mzee alipotoka msikitini aliiona fimbo, akacheka mpaka akashika kiuno. "Umesilimu, baba?" Nikamwambia hapana, najifunza kwake. Akaitazama tena. "Fupi hiyo. Watu wataivuka."

Jana wakaivuka. Kijana mmoja fundi bomba alinikuta nimepiga magoti, akasimama juu yangu, akauliza gundi ya mabomba ni shilingi ngapi.

Nikamtajia. Sikuwa nimefika amina.