Wikipedia Wamenikumbuka Tena, Wanataka Mchango

Wiki iliyopita nilipokea maombi mawili ya mchango ndani ya saa moja. La kwanza kadi ya harusi ya mtoto wa mtu niliyefanya naye kazi zamani, singo elfu hamsini, dabo laki moja, na namba ya mweka hazina imekolezwa wino kuliko jina la bibi harusi. La pili barua pepe kutoka Wikipedia.

Wikipedia wananifahamu. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliwachangia pauni tano, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi ya chuo, kwa sababu nilikuwa nimewatumia mpaka nikaona haya. Tangu hapo hawajanisahau. Shangazi yangu anaweza kumaliza mwaka hajanipigia, Wikipedia hawamalizi. Na kila wakija huja na sauti ileile ya mgonjwa wa kitandani: wanaotoa ni asilimia 2 tu ya wasomaji, kila mmoja angetoa kidogo tu kazi ingekwisha, tafadhali usipite bila kutazama. Ukifika mwisho wa barua unahisi kesho asubuhi kuna mtu atachomoa waya ukutani na elimu ya dunia izimike.

Haizimiki. Hilo ndilo linalonichosha.

Kamati ya harusi, hata kama mweka hazina wake ana historia, inakusomea bajeti. Ukumbi kiasi gani, MC kiasi gani, kreti ngapi, na mjomba mmoja lazima asimame kuuliza mapambo gani hayo ya milioni tatu. Basi nami nikaitisha kikao cha mtu mmoja, nikafungua hesabu za Wikimedia Foundation, ile taasisi ya San Francisco inayoshika seva na jina la Wikipedia. Kwa haki yao, hesabu hawazifichi. Ziko wazi, zimekaguliwa, anayetaka anasoma. Tatizo ni kwamba nimezisoma.

Mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 walipata takriban dola milioni 180 wakatumia kama milioni 169. Akiba waliyobaki nayo ilizidi dola milioni 250. Mishahara na stahili za wafanyakazi ilikula zaidi ya milioni 100. Kulaza Wikipedia kwenye seva, yaani ule waya tunaotishiwa kwamba utachomolewa, kama milioni 3. Pembeni kuna mfuko mwingine wa akiba ya kudumu ulioanzishwa 2016 ukiwa na lengo la kukusanya dola milioni 100 ndani ya miaka kumi. Walizipata 2021, kabla ya muda.

Mgonjwa gani huyu?

Na si mimi tu mwenye kiherehere. Mwishoni mwa 2022 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza, wale wanaoandika usiku na mchana bila senti, walijadiliana wakayakataa maneno ya mabango ya kuomba michango yaliyokuwa yameandaliwa, kwa hoja kwamba yanampa msomaji picha ya uongo kuhusu hali ya fedha. Wenye nyumba wenyewe wamesema jamani msilie hivyo, majirani watadhani tuna msiba.

Najua mtu wa kompyuta ameshaanza kunuka jasho hapo. Sawa. Seva haijiwashi yenyewe, wahandisi wanakula, na mishahara ya San Francisco ni ya San Francisco. Wanasheria nao wana kazi: Uturuki iliifungia Wikipedia kuanzia Aprili 2017 hadi Januari 2020, na mlango haukufunguka kwa dua, walikwenda mpaka Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo. Halafu hawaweki matangazo. Ukitafuta dalili za kipindupindu hutangaziwi kamari katikati ya sentensi. Hayo yote nawapa, kwa shingo upande, lakini nawapa. Na kabla hamjaniweka kapu moja na Elon Musk, aliyewaambia watu Desemba 2024 waache kuichangia Wikipedia, niwaambie kwamba yule ugomvi wake ni na kinachoandikwa. Wangu ni na asiyeandikiwa.

Nieleze.

Nilipomaliza hesabu, hasira ikiwa bado ya moto, nikafungua Wikipedia ya Kiswahili kutafuta kata niliyozaliwa, wilayani Muheza. Wote mnaoitumia mnajua nilichokikuta. Ni kata ya Wilaya ya Muheza katika Mkoa wa Tanga, postikodi namba fulani, wakazi kadhaa kwa mujibu wa sensa. Kisha orodha ya kata nyingine za wilaya. Kisha lile tangazo dogo: makala hii bado ni mbegu.

Mbegu! Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo ana kitambulisho cha NIDA, pengine na mchumba. Kata yangu bado ni mbegu. Hakuna machungwa humo. Muheza bila machungwa! Hakuna mkonge, hakuna waliokuja kuukata wakabaki, hakuna reli, na reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Muheza 1896, kabla Nairobi haijawa hata kambi ya mafundi wa reli. Yuko mtu aliyekaa akaandika ukurasa kwa karibu kila kata ya nchi hii, na kata zinakaribia 4,000. Huyo simlaumu hata kidogo, ana subira ya mchimba kisima. Ila alichimba, na wa kuteka maji hatukuja.

Sasa kuna jibu la harakaharaka, na najua litakuwa la kwanza kwenye maoni hapo chini: acha kulalamika, bonyeza "Hariri", andika. Ni bure.

Bure kwa nani?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mfumo mzima wa Wikipedia umejengwa juu ya mtu mmoja wa kufikirika. Ana kompyuta mezani, ana intaneti inayolipwa kwa mwezi atumie asitumie, ana umeme ambao hauondoki akiwa katikati ya aya, ana maktaba ya mtaa, na jioni ana saa mbili asizojua azifanyie nini. Mtu huyo akijitolea, anatoa muda. Mungu ambariki, muda ni mali. Lakini kijana wa Muheza akijitolea anatoa muda na bando. Anafungua makala, bando. Anatafuta chanzo, bando. Chanzo ni PDF la kurasa 200 ambalo anataka ukurasa mmoja tu, bando limekwisha. Anahariri kwa simu yenye ufa unaopita katikati ya kioo, usiku wa manane kwa sababu ndipo vifurushi vinapokuwa na bei ya kueleweka, na akishahifadhi makala yake, msomaji anayefaidi anaweza kuwa mtafiti wa Leiden, Uholanzi, mwenye intaneti ya chuo. Nani kamchangia nani hapo?

Namjua kijana wa namna hii. Simtaji, hajaniruhusu, na nikimtaja ataombwa na ukoo mzima awaandikie makala. Anaandika kuhusu vijiji, mito na samaki. Nilimuuliza kwa mwezi anatumia kiasi gani, akacheka, akasema, "Kaka, nikipiga hesabu nitaacha."

Pauni zangu tano za wakati ule, kwa kijana huyu, zingekuwa wiki kadhaa za kazi. Zilikokwenda hata sikumbuki kuuliza.

Taasisi yenyewe itasema, na ni kweli, kwamba haifungi mkono. Kila mwaka inagawa zaidi ya dola milioni 20 za ruzuku kwa vikundi na miradi duniani, Afrika ikiwemo. Agosti 2025 walileta mkutano wao mkuu wa dunia, Wikimania, hadi Nairobi. Maryana Iskander, aliyeshika uongozi wa taasisi mwaka 2022, alikuwa ametoka kuongoza shirika la Afrika Kusini linaloitwa Harambee, neno letu hilo, halihitaji mkalimani. Lakini tunajua ruzuku inavyotembea. Inataka andiko la mradi, inataka malengo, viashiria, bajeti, ripoti ya nusu mwaka, na yote yaandikwe kwa lugha ya kuridhisha mfadhili. Anayejua kuandika andiko anapata. Anayejua kuandika makala anabaki na simu yake yenye ufa.

Nisiwe mnafiki, fedha ikija vibaya nayo inaharibu. Wakongwe wanakumbuka shindano la Google la mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika Wikipedia ya Kiswahili, zawadi kompyuta za mkononi na simu. Makala zilimiminika. Zawadi zikagawiwa, na wengi hawakuonekana tena, kama mabinamu baada ya pilau. Na mpaka leo ukikuta makala inasema mchezaji fulani alijiunga na klabu "katika chemchemi ya 2014", ujue kuna mtu alikuwa na haraka na kompyuta ikamtafsiria "spring" ya Kiingereza, yaani majira ya mwaka, ikawa chemchemi ya maji. Wingi wa makala haunibabaishi. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6, karibu zote zimeandikwa na programu ya Msweden mmoja.

Kwa hiyo zawadi sitaki. Mshahara sitaki. Nataka mtu anayeandika asitozwe kwa kuandika. Kulikuwa na mpango wao, Wikipedia Zero, uliokubaliana na makampuni ya simu watu wasome bila kukatwa bando. Ulianza 2012, ukafungwa 2018. Mwaka huohuo 2018 ndipo hapa kwetu kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja na ada za leseni ambazo kwa mwenye blogu zilifika zaidi ya shilingi milioni mbili, na wengine tukafunga midomo kwa muda. Nilichokiona kipindi kile ni kwamba kuandika kwetu kumewekewa geti kila upande, na kila geti lina mtu wa kupokea hela.

(Makampuni makubwa yanayofyonza Wikipedia kutengeneza akili bandia yalipe. Google imeanza tangu 2022, kupitia huduma ya kibiashara ya taasisi hiyohiyo. Wengine nao wapange foleni kabla ya kuniandikia mimi.)

Mama mmoja wa ofisini kwetu, nilipomsimulia haya, aliniambia, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Nikamjibu methali hiyo naisikia kila mara kutoka kwa mtu aliyeshika daftari, sijawahi kuisikia kutoka kwa mtu aliyeshika pochi. Akaniita bahili. Pengine ni kweli. Lakini harusi ile nimechangia, dabo, kwa sababu nimemwona mweka hazina, najua anakoishi, na nitakwenda kuila pesa yangu kwa kijiko.

Wikipedia sikuwapa. Wewe ukitaka kuwapa, wape, hela haitaliwa na chatu, na utalala vizuri. Ukiwa London au Muscat na kadi yako haina shida, ni dakika moja. Ila ukiuliza mimi ningefanya nini na elfu kumi ya ziada ningesema mtafute mtu unayejua anaandika kwa Kiswahili, uliza namba yake, mtupie bando. Usimwombe ripoti. Usimwombe picha ameshika bango lenye jina lako. Mtupie tu, kama unavyomtupia mdogo wako aliye chuoni.

Nami nilifanya hivyo usiku uleule. Kijana alishukuru, akasema kwa kuwa bando limeingia ataanza na kata yangu. Nikafurahi, nikamtumia ujumbe mrefu wa sauti: machungwa, gulio, reli, mzee wetu aliyekuwa nyapara kwenye shamba la mkonge na alivyolala njaa siku tatu kwenye mgomo, jina la kijiji lilivyotokana na mti ambao sasa haupo.

Akasikiliza yote. Akanijibu kwa neno moja.

"Chanzo?"

Nikamwambia chanzo ni babu. Akasema pole kaka, kanuni inataka kilichochapishwa, mgomo na mti ataviacha kwanza mpaka nipate kitabu, gazeti, chochote. Leo siku ya nne natafuta. Nimefika kwenye tasnifu moja iliyohifadhiwa chuo cha nje, na kuipakua wanataka dola 38.